Ngozi Ivute Ili Maji: Niliyojifunza Katika Baridi ya Njombe

Basi letu liliondoka Dar es Salaam alfajiri, mwezi Julai 2022. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jepesi la kitenge na viatu vya wazi. Mume wangu alinikumbusha koti mara mbili, nikamjibu kwamba nimekwenda kwao mara nyingi na Njombe naijua. Kweli nilikuwa nimekwenda mara nyingi, lakini kila mara ilikuwa Desemba, wakati wa mvua na mahindi mabichi. Julai nilikuwa sijaiona.

Hadi Ruaha Mbuyuni, ambako abiria hununua vitunguu dirishani, bado nilikuwa najipepea. Tulipomaliza kupanda Kitonga, upepo uliopita dirishani ulikuwa mwingine. Iringa nikajifunika kanga. Makambako nikaongeza ya pili. Tulipofika Njombe jioni, baada ya safari ya kiasi cha kilomita 700, niliteremka nikitetemeka mbele ya watoto waliovaa masweta na kofia za sufu, nao wakanicheka.

"Kamwene," alinisalimu wifi yangu, kisha bila kusubiri jibu akanivalisha koti lake.

Mji wa Njombe uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na huko Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, asubuhi majani huwa meupe kwa barafu. Ukitazama mashamba ya chai, miti ya miwati na miparachichi iliyobeba, unaweza kudhani nchi hii haijui ukavu. Lakini hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo sana, na upepo wa kiangazi unapokupitia, huchukua maji ya ngozi yako. Sisi tuliozoea jasho la pwani hatulioni jambo hili mapema. Siku ya pili midomo yangu ilipasuka, mikono ikapauka kama niliyeshika majivu, na visigino vikaanza magaga.

Hayo yote niliyategemea. Nisilolitegemea ni uso. Mashavu yaliwaka moto na ngozi ikaanza kubanduka vipande vidogo vidogo.

Mama mkwe wangu, ambaye amepita miaka 70, alinitazama wakati wa chai ya asubuhi akaniuliza, "Mama Neema, uso wako umeungua na nini?"

"Ni baridi tu, mama," nilimjibu.

Akatikisa kichwa. "Baridi ya huku nimezaliwa nayo. Haiunguzi hivyo."

Kikopo kisicho na jina

Akina mama wenzangu, nilimdanganya mzee yule, na mimi ni muuguzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetimiza miaka 43, na madoa meusi yaliyoanza mashavuni nilipokuwa na mimba ya mwisho yalikuwa yameongezeka. Chini ya macho nilikuwa nimeanza kuona makunyanzi. Siku moja katika sherehe mtu aliniuliza kama mdogo wangu wa kike ni binti yangu. Alikuwa akitania, lakini neno lile lilinikaa.

Basi nikanunua kikopo cha krimu mtaani. Hakikuwa na jina la mtengenezaji wala maelezo ya kilichomo ndani. Wiki tatu za kwanza uso uling'aa na watu wakanisifu. Mwezi wa tano nikawa siwezi kukaa karibu na jiko bila mashavu kuwasha. Nikijaribu kuacha, uso unavimba na kutoka vipele, nami narudia tena kikopo kile kile.

Nilijua vizuri mambo hayo. Wodini nimeona akina mama waliojipaka mkorogo kwa miaka mingi, kidonda cha upasuaji kikawa kigumu kushonwa kwa sababu ngozi imekuwa nyembamba na nyuzi hazishiki. Krimu nyingi za kujichubua huwa na haidrokwinoni, au zebaki, au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, nayo ngozi nyembamba hushindwa kushika maji. Ndiyo maana baridi ambayo kwa wifi yangu ilikuwa adha ndogo, kwangu ilikuwa moto.

Mkono wa mama mkwe

Jioni ile mama mkwe alinipashia maji ya kuoga. Nilitaka yawe ya moto sana, yenye kutoa mvuke. Akakataa. "Maji ya moto yanakutoa mafuta kama sufuria," alisema, akachanganya hadi yakawa vuguvugu. Nilipotoka bafuni alinipa chupa ya mafuta ya alizeti, yale yale ya jikoni, na kuniambia nipake kabla sijajikausha vizuri.

Kwetu Tanga bibi alikuwa akitupaka mafuta ya nazi vivyo hivyo, miili ikiwa bado na maji, huku akisema: ngozi ivute ili maji. Methali hiyo inahusu ngozi ya mnyama: hunyooshwa ingali mbichi, maana ikikauka haikubali tena. Kumbe hata kwa ngozi ya mwanadamu ina maana yake. Mafuta hayatii maji kwenye ngozi, bali hufungia yale yaliyopo. Ukisubiri nusu saa ukakauka, unafungia ukavu.

Mama mkwe naye alikunja mikono ya sweta ili ajipake, nami nikashangaa. Uso wake una mikunjo mingi, na migongo ya mikono yake ni kama gome la mti. Lakini upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, ngozi ilikuwa laini kama ya binti. Ngozi hizo mbili zilizaliwa siku moja. Hakuna iliyo na miaka zaidi ya mwenzake. Moja imelima viazi juani kwa zaidi ya nusu karne, nyingine imekaa chini ya nguo.

Darasani tulifundishwa jambo hilo, lakini pale nililiona. Miaka ina sehemu yake, na baada ya hedhi kukoma ngozi hukonda na kukauka haraka zaidi. Hata hivyo, mikunjo na madoa mengi ya usoni huletwa na jua, kwa kuharibu nyuzi za kolajeni zinazoishika ngozi. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi kuliko nyeupe, lakini kinga hiyo si kamili. Na mlimani mtu hudanganyika: kwa sababu hasikii joto, hudhani hakuna jua. Kumbe kila unapopanda mita 1,000, mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10.

Mimi pia nilikuwa na la kumwambia. Miguu yake ilikuwa na michirizi ya kahawia kama wavu, kwa sababu ya kukaa karibu mno na moto kila jioni. Nilimwomba asogeze kigoda nyuma. Nikawaambia pia wote wa nyumbani wasilale na jiko la mkaa chumbani wakiwa wamefunga madirisha, kwa kuwa hewa yake huua watu usingizini.

Jumamosi kanisani

Jumamosi nilikuwa nimealikwa kuzungumza na umoja wa akina mama wa kanisa juu ya kutunza ngozi wakati wa baridi. Nilikuwa nimeandika somo langu kwenye daftari. Niliposimama na uso ule mbele ya wanawake wapatao 40, nikaona siwezi kuwasomea. Niliwaeleza habari za kikopo, tangu mwanzo hadi mwisho. Palikuwa kimya. Kisha nikatoa somo.

Niliwaambia hivi. Oga kwa maji vuguvugu, usikae majini muda mrefu, na usisugue ngozi kavu kwa dodoki gumu. Tumia sabuni ya kawaida isiyo kali. Sabuni ya kufulia iache kwa nguo. Jipake ndani ya dakika chache baada ya kuoga. Wakati wa baridi mafuta mazito kama vaselini hufaa kuliko losheni nyepesi. Ukipenda glisirini, ichanganye na maji kwanza, kwa kuwa ikiwa peke yake kwenye hewa kavu huweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe. Miguu yenye magaga iloweke kidogo usiku, ipake mafuta, kisha ivalishe soksi.

Ukienda shamba au sokoni, vaa kofia pana au chukua mwavuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenye uwezo na apake usoni mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi. Hayo ndiyo krimu ya kuzuia uzee ninayoweza kuisimamia. Sigara na moshi wa jikoni navyo huzeesha uso. Na ngozi ikikauka au kuwasha mwili mzima bila sababu, nenda ukapimwe, kwani huenda ni kisukari au maradhi mengine.

Watu walipotawanyika, mama mmoja kijana alibaki. Alifungua mkoba akanionyesha kikopo kama changu. Akaniuliza, "Nikitupe leo?" Nilimwambia asinunue kingine, lakini aende hospitali kwanza, kwa sababu aliyetumia steroidi muda mrefu akiacha ghafla huweza kuumia vibaya. Anapaswa kuachishwa kwa mpango wa daktari. Nilipomaliza kusema hayo nikajua ndiyo ninayopaswa kufanya mimi mwenyewe.

Niliporudi Dar es Salaam nilikwenda kliniki ya ngozi. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine, wawili kati yao wakinifahamu. Iliniwia vigumu. Ilichukua miezi kadhaa uso kutulia. Madoa yamebaki kiasi, na makunyanzi yapo. Mume wangu nilimweleza yote usiku ule niliporudi. Alinyamaza, kisha akasema hakuwahi kuyaona hayo madoa niliyokuwa nikiyaficha.

Sasa nina kofia ya ukindu ninayoivaa hata ninapokwenda dukani, na jirani zangu wameizoea. Bafuni ipo chupa ya alizeti kutoka Njombe. Ikiisha, wifi hutuma nyingine kwa basi.