Baridi ya Julai kwa baiskeli: Kutoka Uyole hadi Tukuyu na watoto

Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba Tanzania kuna majira ya baridi, hudhani ni mzaha. Mlete Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya, mwanzoni mwa Julai kabla jua halijachomoza, umpe baiskeli ashike usukani bila glovu. Hatauliza tena.

Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini huanza Juni na kuisha Agosti. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 1,000 zaidi joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6. Ndiyo maana kule Kitulo, kwenye mita 2,600, wafugaji huamka asubuhi za Juni na Julai wakakuta umande umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi. Wengi huijua Kitulo kwa maua yake, hasa tangu ilipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Lakini maua huja na mvua, kati ya Desemba na Aprili. Julai hakuna maua, kuna upepo.

Katika majira hayo ndipo klabu yetu ya baiskeli hufanya safari yake ndefu kuliko zote za mwaka.

Ni klabu ya ridhaa. Hatuna mdhamini wala sare. Tuna walimu, muuguzi mmoja, wakulima wa viazi, fundi baiskeli wa sokoni na watoto wetu wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Baiskeli nyingi ni za mtumba zenye gia, na chache ni zile nzito za gia moja ambazo kwa siku za kazi hubeba magunia. Nahodha ni mwalimu mstaafu, na kila mtu humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri.

Watu hutuuliza kwa nini tusingoje Septemba joto lirudi. Sababu ni mbili. Kwanza, upande wa Mbeya hakuna mvua wakati huo, na barabara za pembeni zilizokuwa tope Machi zinapitika. Pili, shule zimefungwa. Likizo ya Juni ikikaribia kwisha, watoto wameshachoka na televisheni na wazazi wameshachoka na watoto.

Mlima mmoja, baridi mbili

Safari yetu hufuata barabara ya Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Unaanza Uyole, unapita Igawilo, kisha unapanda safu ya milima ya Uporoto hadi Isyonje, ambako njia ya kwenda Kitulo na Makete inachepuka kushoto. Baada ya hapo barabara inateremka upande wa Rungwe hadi Kiwira, halafu inapanda na kushuka hadi Tukuyu. Ukitoka Uyole ni kilomita 60 hivi. Si nyingi kwa mtu mzima mwenye mazoezi, ila ni nyingi kwa mtoto wa miaka 13, hasa kukiwa na baridi.

Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba mlima huu una baridi mbili. Upande wa Mbeya baridi ni kavu. Anga ni safi, vumbi linatimka, midomo inapasuka, na jua likishachomoza, kwenye saa 1 asubuhi, mtu anaanza kuvua sweta. Upande wa Rungwe baridi ni mbichi. Upepo wa kusini mashariki hupandisha hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa, na hewa hiyo ikikutana na milima hupoa na kugeuka ukungu na manyunyu. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi, na hata kipupwe hakiikaushi.

Kwa hiyo mwendesha baiskeli hupanda upande mkavu akitokwa jasho, akafika juu na fulana iliyolowa, kisha akaingia kwenye ukungu na kuanza kuteremka. Hatari ya safari hii iko hapo. Kupanda kunachosha lakini kunapasha mwili moto. Kwenye mteremko miguu haifanyi kazi, upepo unapiga kifuani, na vidole ndivyo vinavyotakiwa kushika breki.

Mwaka huu tulikuwa watu wazima 11 na watoto sita, akiwamo binti yangu wa miaka 14. Tuliondoka Uyole saa 1 na nusu, barabara ilipokuwa imeshapata mwanga. Tulipanda kwa mstari mmoja, watoto katikati, mtu mzima mwenye taa nyekundu nyuma kabisa. Malori yaliyopakia ndizi na viazi yalikuwa yakishuka kwa gia nzito kuelekea Igawilo, na kila lilipokaribia Mwalimu alipiga filimbi moja, sote tukabana kushoto. Wakulima walikuwa wameshaanza kuchimba viazi. Mama mmoja aliinua jembe kutusalimu, akauliza kwa sauti kama hatuna nauli.

Isyonje tulifika karibu saa 4. Nyuma yetu Mbeya ilikuwa inang'aa juani. Mbele yetu barabara iliingia kwenye ukungu kama kamba iliyotumbukizwa kwenye maziwa. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ulikuwa huko ndani mahali fulani, lakini hatukuuona.

Mfuko wa karanga

Mwalimu alituambia tusimame, tule, tuvae makoti. Alipita akiwauliza watoto mmoja mmoja hali zao. Wote walijibu kwamba wako sawa. Mmoja wao, mvulana wa miaka 13 ambaye hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ndefu, alijibu kwa sauti kubwa kuliko wenzake.

Binti yangu alinisogelea akasema polepole, "Baba, yule hawezi kufungua mfuko wa karanga."

Nilimwangalia. Alikuwa ameugeukia ukingo wa barabara, anavuta mfuko kwa meno, vidole vyake vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika jembe kutwa nzima. Fulana yake ilikuwa imelowa jasho na juu yake alivaa jaketi jepesi tu.

Nilimwita muuguzi wetu. Hakumuuliza kijana kama anasikia baridi. Alimwambia aguse kidole chake cha mwisho kwa kidole gumba. Kijana alijaribu mara tatu, gumba likawa linaishia katikati ya kiganja.

Baba yake alikuwa karibu. "Huyu ni mwanamume," alisema. "Tukianza safari atapata joto."

"Kaka, mbele ni kushuka," muuguzi alimjibu. "Kwenye mteremko hakuna joto la kupata. Na breki atazishika kwa vidole hivi hivi."

Baba mtu hakusema tena. Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mama lishe, moto wa kuni umekolea, sufuria ya viazi inachemka. Mama yule hakuuliza sisi ni nani. Alisema, "Ingieni wanangu," akasogeza benchi karibu na jiko. Tulimvua kijana fulana mbichi, tukamvalisha sweta kavu, tukamkabidhi kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi na sukari nyingi. Alitetemeka hata chai ikamwagika. Muuguzi alisema hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Mwili unaotetemeka bado unapigana. Wa kuogopwa ni mtoto aliyeacha kutetemeka huku bado amepoa, akaanza kuongea kama mlevi au kutaka kulala. Huyo anahitaji hospitali, siyo chai.

Baada ya nusu saa vidole vilikunjuka. Mwalimu akamuuliza kwa upole kwa nini hakusema.

"Niliogopa mtasema nisije tena," alijibu.

Kibanda kizima kilinyamaza. Kisha baba yake akaivua glovu yake, akatazama mkono wake mwenyewe, akasema, "Hata mimi vidole hivi sivisikii tangu tuache Igawilo." Tulicheka wote, na kijana ndiye aliyecheka wa mwisho, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba ameruhusiwa.

Kosta ya Kiwira

Ukungu haukuondoka. Mwalimu akaamua kwamba watoto wote washuke na kosta hadi Kiwira, baiskeli juu ya keria, na watu wazima wenye taa wangoje uwe mwepesi ndipo washuke taratibu.

Binti yangu hakufurahi. Kwa miezi miwili alikuwa amefanya mazoezi ya mteremko ule. "Mimi sina baridi," aliniambia. "Mwingine akipata baridi, mimi ndiyo niadhibiwe?" Nilimwambia kwamba lori halimwoni mtoto kwenye ukungu, awe na baridi au asiwe nayo. Alikubali kupanda kosta lakini alininunia njia nzima, uso dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya weupe.

Kiwira tulikuta jua. Migomba ilikuwa inadondosha maji, barabara inatoa mvuke. Watu wazima walipotufikia tukaendelea pamoja, tukipanda na kushuka kati ya migomba na mashamba ya chai hadi Tukuyu. Kwenye mlima wa mwisho binti yangu alinipita, akasimama juu ya pedali, wala hakugeuka nyuma. Nikajua kununa kumeisha. Tukuyu tulikula ndizi za kupikwa na nyama pamoja na parachichi, kisha tukarudi Mbeya kwa gari la kukodi, watoto wamelaliana kama magunia.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu

Huhitaji mlima wa Isyonje. Makete, Njombe, Mufindi, Lushoto, hata barabara ya mtaani kwako asubuhi ya kipupwe inatosha. Mambo yanayosaidia ni haya.

Mvalishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, siyo koti moja zito, ili avue anapopanda na avae anapofika juu. Avae kabla hajaanza kusikia baridi, kwa kuwa mwili wa mtoto hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Beba fulana kavu moja kwa kila mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Pale juu, fulana hiyo ina thamani kuliko baiskeli yenyewe.

Beba gazeti. Likunjue, liingize chini ya jaketi kifuani kabla ya mteremko. Linazuia upepo na kunyonya unyevu. Waendesha baiskeli wa mashindano makubwa ya Ufaransa walifanya hivyo miaka mingi, wakipokea magazeti kutoka kwa watazamaji vileleni. Ukishalisoma hili, usilitupe.

Vaa kofia ngumu, weka taa nyekundu nyuma hata mchana, na kukiwa na ukungu usishuke. Ngoja au panda gari. Hakuna safari ya burudani yenye haraka kiasi hicho.

Na usimuulize mtoto kama anasikia baridi. Mtoto anayependa safari atasema hapana, na mtoto wa kiume aliyefundishwa kwamba kulalamika ni aibu atasema hapana kwa sauti kubwa zaidi. Mpe kitu cha kufanya kwa vidole vyake. Afungue karanga, afunge kamba za kiatu, agusishe gumba na kidole cha mwisho. Vidole havijui kudanganya.

Klabu yetu sasa ina kanuni mpya. Anayesema amechoka au amepoa hapelekwi nyuma, anawekwa mbele, na kundi zima linafuata mwendo wake. Tuliijaribu wiki mbili baadaye kwenye safari fupi ya Uyole na Igawilo. Yule kijana alikuja na glovu za sufu alizofumiwa na bibi yake. Njiani aliinua mkono mara mbili. Mara zote mbili tulisimama, tukanywa chai ya chupa, tukaendelea. Mara ya tatu aliyeinua mkono alikuwa baba yake.