Kolo: Kulala Jirani na Michoro ya Kale

Ndugu msomaji, likizo inapotajwa mbele ya watoto, aghalabu mawazo yao hukimbilia baharini au kwenye mbuga za wanyama. Ni nadra kumsikia mfanyakazi wa mjini akisema kwamba mwaka huu ataipeleka jamaa yake Kondoa. Hata hivyo, katika wilaya hiyo ya mkoa wa Dodoma, kwenye miamba inayotazama Nyika ya Wamasai, imo michoro ya kale ambayo mwaka 2006 UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia nzima. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336.

Kufika huko si taabu tena. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na kijiji cha Kolo kipo kando yake, mwendo wa kilomita kama 180 kutoka Dodoma. Shuka hapo, uende kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, ulipe kiingilio na kupewa mwongozaji. Usione haya kumhitaji, kwa maana michoro imetawanyika, na asiyeongozwa huweza kupita chini ya twiga aliyechorwa asimwone.

MAJI NI HESABU

Kati ya kijiji na miamba, ukingoni mwa Mto Kolo, pana kiwanja cha kupigia kambi kinachoitwa kwa jina la Mary Leakey, mtafiti Mwingereza aliyekuja mwaka 1951 kuinakili michoro hiyo na kuitolea kitabu mwaka 1983. Neno "mto" lisikudanganye. Sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mtupu, na maji huonekana zinaponyesha mvua za kati ya Novemba na Aprili. Basi nenda wakati wa kiangazi, nawe uchukue kila kitu: hema, mablanketi, jiko dogo, unga, taa na maji. Kwa watu wanne, dumu la lita 20 ni la siku moja tu, tena kwa kubana. Mtoto aliyezoea kuuacha bomba wazi akipiga mswaki atajifunza hapo, bila kugombezwa, kwamba kikombe kimoja chatosha.

Usiku wa Juni na Julai baridi ni kali. Hakuna kelele za muziki wala taa za barabarani, na nyota ni nyingi mno. Kukikucha utaona makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya mvua. Mmomonyoko wa Kondoa ulizidi hata ikabidi mwaka 1979 mifugo iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi, ili nyasi na miti ipate kuota upya. Ardhi uliyoilalia nayo ina historia yake.

WALIOCHORA

Pandeni mlimani mapema, kabla jua halijawa kali. Kipande cha mwisho ni cha miguu, tena kina mwinuko. Chini ya mwamba uliojiinamia kama baraza mtawakuta watu warefu wembamba, wenye vichwa vya ajabu, pamoja na twiga, tembo na pofu. Walichorwa kwa ngeu, yaani udongo mwekundu wenye chuma. Michoro hii myekundu ni ya wawindaji, na wataalamu huihusisha na jadi ya Wasandawe, ambao lugha yao yenye vidoko ingali inasemwa wilayani Kondoa na jirani zake. Michoro myeupe ilikuja baadaye, pamoja na wakulima na wafugaji.

Mchoro mmoja wa Kolo waonyesha mtu akiwa katikati ya wengine wanne, wawili kila upande. Mary Leakey aliona ndani yake mwanamke anayenyang'anywa. Watafiti waliofuata waliona ngoma ya uganga na mtu aliyepandwa na mzuka. Waulize watoto wao wanaona nini, kisha mwulize mwongozaji.

NYUMBA YENYE WENYEWE

Jambo kubwa la kukumbuka ni kwamba Kolo si makumbusho yenye vioo na kufuli. Hapo pana mahali paitwapo Mungomi wa Kolo, ambapo wenyeji wangali wakipanda kuomba mvua na kutafuta tiba. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe inayorushwa mwambani huifuta rangi. Wenyeji nao hujibu kwamba mahali hapo palikuwa pa sala tangu zamani za mababu, kabla serikali haijapatungia sheria. Kila upande una neno lake. Mgeni wa usiku mmoja hana ruhusa ya kucheka wala kukemea. Akikuta sadaka, asiiguse.

Lakini uharibifu mwingine hauna utetezi. Wapo waliochimba chini ya miamba wakitafuta mali wanayodhani Wajerumani waliifukia, wakavuruga matabaka ya udongo yenye mabaki ya maisha ya kale. Wapo wageni waliomwagia picha maji ili zing'ae kwa ajili ya kamera, na wapo walioandika majina yao. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda mahali kama hapa, lakini miamba ni mingi, nao walinzi hawawezi kusimama chini ya kila mmoja usiku na mchana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukienda, usishike mchoro hata kwa kidole, kwa kuwa jasho na mafuta ya mkono huula polepole. Usiwashe moto chini ya mwamba, maana moshi hufunika rangi isirudi tena. Takataka zako rudi nazo. Na watoto waambie sababu kabla hamjapanda, ili wanyamaze kwa kuelewa. Rangi hizo zimestahimili jua na mvua kwa zaidi ya miaka 2,000. Sasa zinategemea adabu ya kila anayefika.