Mtoto Asiyeitika Jina Lake



Tunawaandikia tukiwa baba na mama wa watoto watano hapa Pinga, mji uliokaa juu ya mpaka wa Masisi na Walikale. Kiongozi wa kikundi chenu alituomba tueleze jinsi tulivyomtafuta mtaalamu wa kumsaidia mtoto wetu wa tatu, mwenye usonji. Tumekubali kwa sharti moja, yaani kwamba tutayasema pia yale tuliyoyakosea. Wengi wenu mtakuwa wazazi siku moja, na wengine tayari ni kaka na dada wa watoto kama huyu bila kulijua jina la hali yao.

Mtoto huyu alizaliwa salama mwaka 2017. Alinyonya vizuri, akatembea kwa wakati wake, na kabla ya kutimiza miaka miwili alikuwa na maneno matano au sita. Kisha maneno hayo yakapotea moja baada ya jingine, hadi nyumba ikabaki bila sauti yake isipokuwa kilio. Tulipomwita kwa jina hakugeuka, lakini kifuniko cha sufuria kikigongwa jikoni alikuja mbio. Aliyapanga mabunzi ya mahindi kwa mstari kutoka mlangoni hadi mekoni, na mtu akiondoa bunzi moja tu, alijigonga kichwa ukutani. Mvua iliponyesha juu ya mabati aliziba masikio na kujificha chini ya kitanda. Hakututazama machoni, wala hakutuonyesha kitu kwa kidole kama wafanyavyo watoto wanaotaka tufurahi pamoja nao.

Majirani walikuwa na majibu kabla yetu. Wengine walisema mama alivunja mwiko akiwa mjamzito. Wengine walisema baba, aliyewahi kufanya kazi katika machimbo ya Walikale, alimtoa mtoto wake ili apate dhahabu. Wengine walinong'ona kwamba mtoto ni mchawi. Neno hilo hatukulikubali kwa midomo yetu, lakini matendo yetu yalilikubali. Tulimpeleka katika chumba kimoja cha maombi, na huko tukaambiwa asile kwa siku tatu. Siku ya pili alikuwa amelegea, midomo imekauka, naye hakuwa na neno la kuombea maji. Mmoja wetu alitaka tuondoke naye. Mwingine akasema tungoje siku moja iliyobaki. Tulingoja. Hatutasema ni nani kati yetu aliyesema hivyo, kwa sababu wote wawili tulibaki pale.

Baadaye tulikuja kujua kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, inamwadhibu yeyote anayemshutumu mtoto kuwa mchawi. Sheria hiyo ilikuwepo siku zile zote. Hakuna aliyeitaja mbele yetu, nasi hatukuuliza.

Ndipo tulipoanza kutafuta kwa njia nyingine. Muuguzi mmoja alitupa shauri la busara: masikio yapimwe kwanza, maana hata mtoto asiyesikia haitiki. Mwaka 2021 tuliuza mbuzi wawili na gunia la maharagwe, tukapanda pikipiki na mtoto katikati yetu, tukapita Kalembe, Mweso, Kitchanga na Sake hadi Goma. Katika kila kizuizi cha barabarani mtoto alipiga kelele, nasi tukajifunza kuwaomba radhi watu wenye silaha.

Masikio yalipimwa, yakaonekana mazima. Lakini baada ya hapo tuende wapi? Katika mji ule, mtu aliyepoteza mguu huelekezwa kwenye kituo cha Shirika la Umoja, atengenezewe mguu wa bandia. Aliyevurugika akili huelekezwa Tulizo Letu, kituo cha watawa waitwao Frères de la Charité. Mtoto wetu hakukatika mguu, wala hakuwa mwendawazimu. Juma zima tuliuliza kama yupo mtu anayewafundisha kusema watoto wasiosema. Tulitumwa huku na huku, hadi tukampata mwanasaikolojia mmoja, mama wa makamo, aliyewahi kuwahudumia watoto wa namna hii.

Mama huyo hakuanza kwa kutuuliza sisi. Aliketi sakafuni karibu na mtoto, akamtazama kwa saa nzima jinsi anavyopanga vizibo vya chupa. Kisha akatuambia kwamba hali hii huitwa otismu, na kwa Kiswahili usonji. Haiambukizi, wala si laana. Ni ubongo uliokua kwa namna tofauti tangu mwanzo, na mtoto huzaliwa nao. Daktari Leo Kanner aliieleza mwaka 1943 kule Baltimore, Marekani, baada ya kuwachunguza watoto 11. Tulipouliza kama si ugonjwa wa wazungu, alitutajia mtafiti Victor Lotter, aliyechapisha mwaka 1978 habari za watoto wa aina hiyo aliowakuta katika nchi za Afrika, zikiwemo Kenya na Zambia. Shirika la Afya Duniani, tunaloliita OMS kwetu, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, katika kila watu 10,000 wamo takriban 80. Baadaye, tulipoisikia hesabu hiyo, tulijiuliza hao wengine wa Pinga wako wapi. Jibu tulikuwa nalo, kwa kuwa sisi pia tulikuwa na mlango tuliozoea kuufunga wageni walipokuja.

Mama mwenye mtoto alilia, akauliza kosa lake lilikuwa lipi. Mwanasaikolojia akamjibu kwamba hata Ulaya na Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wapo wataalamu waliowashutumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowaharibu watoto. Mmoja wa waliopinga shutuma hiyo alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu akionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo, si katika upendo uliopungua. Kumbe kulaumu mama si ujinga wa kijiji chetu peke yake.

Kwa siku nne alitufundisha. Tusimlazimishe mtoto aje katika mchezo wetu, bali sisi tuingie katika mchezo wake. Tukae chini, macho yetu yalingane na yake. Akishika bunzi, tuseme "bunzi", neno moja tu, kisha tungoje, tuhesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema tena. Tuchore picha za kikombe, sahani, choo na kitanda juu ya vipande vya katoni, ili aweze kuomba bila kulia. Kazi ya kuvaa shati tuigawe katika hatua ndogo, tumfundishe hatua moja kwa siku nyingi, na kila afanikiwapo tumsifu. Mambo ya siku yafuatane kwa mpango uleule. Mwishoni alituagiza turudi baada ya miezi mitatu.

Tulirudi mara moja. Kisha vita vikapamba moto upya, na Kitchanga ilipotekwa mwezi wa Januari 2023, njia yetu ya kwenda Goma ikafungwa. Tulikuwa tumemtafuta mtaalamu kwa miaka, tukampata, tukampoteza. Siku hizo tuliketi bila kufanya lolote, tukingoja barabara ifunguke, kana kwamba msaada wote ulikuwa umebaki upande wa pili. Picha za katoni zilikaa juu ya kabati. Mtoto alirudia kujigonga kichwa.

Lililotuamsha lilikuja usiku, milio ya risasi iliposogea karibu. Tulikimbilia msituni pamoja na majirani, na watu walikuwa wakitembea kimya. Mtoto wetu alipiga yowe. Tulisihiwa tumzibe mdomo, tulipojaribu, alizidi. Mwanamume mmoja akasema tuachane na kundi, la sivyo tutakufa wote. Hatumlaumu: naye alikuwa amembeba mtoto wake. Tulikuwa tumekwisha kujitenga gizani pale kijana mmoja wa Xaveri alipotufuata. Alivua koti lake, akamfunika mtoto kichwa ili sauti zipungue, akamtia mkononi vizibo vya chupa vilivyokuwa mfukoni mwake, akambeba mgongoni hadi alfajiri. Yowe likawa mlio mdogo, kisha likanyamaza.

Baadaye tulimuuliza vizibo vile alivipata wapi. Alijibu kwamba siku moja, akipita kwetu, alituuliza mtoto anapenda nini, nasi tukamwambia. Tangu hapo akawa anaviokota. Sisi tulikuwa tumelisahau swali lile.

Mnaijua habari ya wale wanne waliompandisha mgonjwa wa kupooza juu ya paa na kumshusha mbele ya Yesu. Hatuisemi kana kwamba usonji utaondoka kwa kuambiwa uondoke. Mtoto wetu atakuwa na usonji maisha yake yote. Tunaisema kwa sababu miaka yote ile tulimtafuta mtu mmoja wa kututibia mtoto, wala hatukufikiri kwamba tunawahitaji pia wabebaji. Tuliporudi kutoka msituni tuliziteremsha picha za katoni, na safari hii hatukufunga mlango. Papa Fransisko alipokutana mjini Vatikano na watu wenye usonji pamoja na familia zao, mwezi wa Novemba 2014, alihimiza kwamba upweke na aibu vinavyowazunguka vivunjwe. Upweke wetu ulianza kuvunjika kwa vizibo vya chupa.

Tungependa mjue kwamba hili si jambo la bahati tu. OMS lilichapisha mwaka 2022 mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wanaochelewa kukua kiakili na kimawasiliano, wakiwemo wenye usonji. Ni mikutano 9 ya kikundi na ziara 3 nyumbani, na inaweza kuongozwa na watu wasio mabingwa, mradi wamefunzwa: wauguzi, walimu, hata wazazi wenyewe. Tulipoelezwa yaliyomo, tuliyatambua karibu yote kuwa yale tuliyofundishwa Goma.

Lakini mtu asichukue maneno haya kusema kwamba Pinga haihitaji wataalamu. Inawahitaji. Kifafa huwapata wengi wenye usonji, na kifafa hakitulizwi kwa picha za katoni. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na mtoto wa Pinga ni raia wake sawa na mtoto wa Kinshasa. Tutaendelea kumtafuta mtaalamu. Barabara ikifunguka, tutapanda tena pikipiki.

Sasa mtoto ana miaka minane. Ana maneno kumi na moja, na moja kati ya hayo ni "maji". Tulipolisikia kwa mara ya kwanza tulikumbuka chumba kile, na hatukuweza kutazamana. Tumemwomba msamaha. Hatujui amelielewa kiasi gani ombi letu, lakini tunaendelea kumwomba.

Vijana wawili wa kikundi chenu huja kwetu kila Jumamosi. Siku ya misa ya ngoma nyingi huketi naye nje, karibu na mlango, ili nasi wote wawili tuingie. Wengine wenu mngependa kuja, lakini mnaogopa kukosea. Basi njoni. Msianze kwa kumwita jina, kwa sababu mara nyingi haitiki bado, nanyi mtadhani amewakataa. Ketini chini kando yake, mwekeeni bunzi moja mwishoni mwa mstari wake, kisha mngoje.