Foleni ya Muvi Myanga

Kabla ya simu za kugusa kuenea, muvi pale Myanga, Bungoma, zilikuwa na saa zake. Ulilipa mlangoni mwa kibanda cha video, ukabanana na wenzako kwenye benchi, ukatazama kilichowekwa, mara nyingi kwa sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu. Ukichelewa, mwanzo umekupita.

Kisha yakaja maduka ya muvi: kompyuta, diski iliyojaa filamu, na wateja wenye flashi mkononi. Nilihudumu katika duka la namna hiyo, na hapo ndipo nilipoijua diski. Nikichomeka flashi moja, kazi ilikwenda chapchap. Siku ya soko nilichomeka nne kwa pamoja, na mistari ya kijani kwenye skrini ikawa inatambaa huku diski ikikwaruza ndani ya kasha. "Kijana, si mimi ndiye nilitangulia?" mama mmoja aliniuliza, na alikuwa na haki.

Ile sauti ilikuwa ya kichwa cha kusomea kikirukaruka. Sahani ya diski nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, lakini kila kichwa kinapohamia filamu nyingine hupotea milisekunde kadhaa bila kusomwa chochote. Kuwahudumia watu kidogokidogo, kwa zamu waliyofika, ndiko kunakoichosha diski.

Waliotengeneza seva za video walilikabili jambo hilo mapema miaka ya 1990. Seva hukusanya maombi ya watazamaji wote, ikayapanga kulingana na mahali data ilipo, kisha kichwa kikapita mara moja toka ukingo hadi ukingo, kama kondakta wa matatu anavyokusanya nauli kuanzia viti vya mbele hadi vya nyuma. Kila mtazamaji huwekewa kwenye kumbukumbu sekunde kadhaa za picha, azimalize wakati kichwa kinarudi. Mwaka 1993, Reddy na Wyllie wa IBM waliongeza sharti moja: anayekaribia kuishiwa ahudumiwe kwanza. Kwangu mimi hiyo ni hekima kubwa kuliko picha yenyewe, maana ndiyo inayozuia filamu isigande.

Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Baadhi ya seva zake siku hizi hutumia diski zisizo na kichwa, lakini foleni bado hupangwa. Walimu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kibabii na kwingineko Bungoma, lianzisheni somo hili katika duka la muvi. Wanafunzi wenu wanalijua tayari.