Mstari wa Sababu

Fomu ya likizo ya ofisi yetu pale Ruiru imepigwa kopi mara nyingi hadi nembo imebaki kivuli tu. Iliandikwa kwa Word na mtu aliyeondoka zamani. Ukitaka likizo unaichapisha, unaijaza kwa kalamu, unamfuata meneja aweke sahihi, kisha unampelekea Madam anayeshughulikia wafanyakazi, naye anaifungia kabatini. Mwezi uliopita nikaambiwa niigeuze iwe kiolezo cha baruapepe, tuachane na printa.

Kazi yenyewe si ngumu. Jedwali la Word ukilibandika kwenye ujumbe linakaa vizuri kwa kompyuta, lakini kwa simu linabanana, na wengi wetu tunasoma baruapepe kwa simu, ndani ya matatu, kati ya Thika na Ruiru. Vile visanduku vya kujaza navyo havitegemeki nje ya Word. Nikalivunja jedwali, nikabakisha mistari ya kawaida: Jina. Idara. Kuanzia tarehe. Hadi tarehe. Atakayeshika kazi yangu. Kwenye Outlook unahifadhi ujumbe huo kama kiolezo, basi. Kwenye Gmail unawasha violezo kwanza katika mipangilio, ukiwa kwa kompyuta.

Halafu nikafika kwa mstari wa "Sababu".

Madam alikuwa amenipa fomu chache za zamani nione watu hujaza nini. Hapo kwa sababu watu wamemwaga mioyo: mimba iliyoharibika, kesi ya shamba na ndugu, mtoto aliyefukuzwa shule. Kwa karatasi, mambo hayo yalisomwa na watu wawili yakalala kabatini. Kwa baruapepe, meneja akijibu wote, nakala imefika kwa mhasibu na kwa msimamizi wa zamu. Na haipotei. Miaka miwili baadaye mtu anatafuta neno moja tu, na msiba wako unatokea tena kwa skrini yake.

Nikafuta mstari huo.

"Kijana, sasa nitajuaje kama mtu ananidanganya?" Madam akauliza.

"Madam, za mwaka hana haja ya kudanganya. Ni zake."

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kila baada ya miezi 12 ya utumishi. Cha kupatana ni tarehe. Nayo sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Tukakubaliana kuweka "Aina ya likizo": ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya dharura. Barua ya daktari inaenda kwa Madam peke yake.

Wa kwanza kutumia kiolezo alijaza kila kitu sawasawa. Likizo ya mwaka, siku tano. Halafu chini kabisa, bila kuulizwa: "Samahani sana, ni mama anaumwa, naomba mnisaidie."

Nikarudi kwa kiolezo nikaongeza mstari juu kabisa: "Likizo ya mwaka ni haki yako. Usieleze sababu."

Madam akausoma, akanyamaza kidogo.

"Haya. Tumia watu."