Safari ya Turkana: baba amegundua kosa kwenye programu

Nimekuwa kimya kwa sababu napanga safari. Mwishoni mwa Mei nampeleka baba Ziwa Turkana. Aliendesha lori huko miaka mingi. Sasa macho yake yanafifia, na anataka kuliona ziwa tena.

Niliandika programu ndogo ya kupanga njia: Nyeri, Nanyuki, Isiolo, Laisamis, kisha kushoto hadi Loiyangalani. Ikatoa saa na lita za mafuta. Baba akasikiliza, akauliza, "Na laga je?" Mvua ikinyesha milimani, mto mkavu hufurika ghafla na magari hungoja.

Kungoja sikuwa nimekuhesabu. Nimeongeza siku mbili, hata kama zitakatwa kwenye mshahara. Picha tukirudi.