Sahani ya Jirani Isirudi Tupu

Kila Diwali inapokaribia, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wewe unayeishi mlango kwa mlango na familia ya Kihindi huniletea swali lile lile: "Pasta, jirani ameleta sahani ya vitu vitamu. Nile au nitupe?"

Fungua 1 Wakorintho 10 uanze mstari wa 23. Paulo anakuruhusu kula unachoandaliwa bila kuhojihoji. Ukiambiwa wazi kwamba kimetolewa kwa sanamu, usile, lakini kataa kwa heshima. Pipa la taka halikutajwa. Na watoto wa jirani wanaliona pipa lako, mpendwa.

Swali ambalo huniulizi ni hili: sahani yake utairudisha na nini? Kwetu hairudi tupu. Unapeleka keki, mama wa watu anapokea akitabasamu, kisha haigusi kwa sababu ina mayai. Wahindu wengi wenye asili ya Gujarat hawali nyama wala mayai. Au unapeleka mandazi uliyokaanga kwenye mafuta ya samaki wa jana. Umetoa kwa moyo mweupe, lakini umempa asichoweza kula.

Sasa jaribu jelebi ya embe, haina yai hata moja. Ndugu zetu wa Mombasa wanaijua ile ya kawaida, huuzwa sana Ramadhani. Jina lenyewe lilitoka kwa Waarabu na Waajemi kabla ya kufika India.

Usiku, changanya unga wa ngano kikombe 1, unga wa dengu (ule wa bajia) vijiko 2, yogati vijiko 3 na nusu kikombe ya embe bivu lililosagwa. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito unaodondoka kwa utepe. Funika, uache hadi asubuhi. Najua utataka kutia baking powder ili umalize leo. Usitie. Ule uchachu wa usiku ndio unaokata utamu wa sukari. Bila huo utakula shira tupu.

Shira ni sukari vikombe 2, maji kikombe 1, iliki, na matone ya ndimu ili sukari isigande. Chemsha mpaka tone likivutwa kati ya vidole viwili litoe uzi mmoja. Iache ipoe kidogo, ibaki na joto.

Mimina unga kwenye chupa safi ya plastiki ya tomato sosi, yenye mdomo mwembamba. Mafuta yawe mapya, kwenye karai safi, moto wa wastani kwa sababu sukari ya embe huungua haraka. Zungusha mkono, chora duara ndani ya duara. Za kwanza zitatoka kama minyoo; hizo ni za watoto wako. Zikikauka pande zote, zitoe, zizamishe kwenye shira kama nusu dakika, zisilale humo zikalainika.

Peleka kabla hazijapoa, kwenye sahani yake mwenyewe. Na umwambie pale mlangoni, kabla hajalazimika kuuliza: hazina yai, na mafuta ni mapya.